Kufanya Muhtasari wa Njia katika EIGRP na RIP: Mwongozo Kamili kwa Wasimamizi wa Mitandao

Mtandao unaotumia itifaki ya vekta ya umbali, kama EIGRP au RIP, ambapo kila ruta hujifunza njia kwa kuambiwa na majirani zake, hukua kimyakimya. Tawi jipya likifunguliwa, fundi huongeza sabneti moja kwenye ruta ya tawi hilo, na baada ya muda mfupi kila ruta ya taasisi, hata iliyo mbali kabisa, huwa na mstari mpya katika jedwali lake la njia. Matawi yakifika mia mbili, mistari nayo hufika mamia, na kiungo kimoja kinapokatika, habari za kukatika huko husambaa hadi kwenye ruta zisizohusika nacho kwa lolote. Muhtasari wa njia huikomesha hali hiyo: ruta iliyo mlangoni mwa eneo hutangaza kwa majirani wa nje anwani moja pana inayobeba sabneti zote za ndani, na sabneti hizo moja moja hazitangazwi tena upande huo.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia EIGRP kwenye ruta za Cisco, kisha unagusia RIP toleo la 2. Msomaji anatarajiwa kuwa na EIGRP ambayo tayari inafanya kazi, majirani wote wakiwa wameonana, na awe anaweza kuingia kwenye ruta na kusoma jedwali la njia. Amri ya kuweka muhtasari ni mstari mmoja tu. Kazi yenyewe iko katika mpango wa anwani, na katika kuelewa wajibu ambao ruta hujitwika inapowaambia majirani kwamba anwani zote za fungu fulani ziko kwake.

Kwa nini vekta ya umbali inaruhusu muhtasari popote

Katika itifaki kama OSPF, ruta zote za eneo moja hulazimika kuwa na picha ileile ya viungo, kwa hiyo muhtasari hufanyika tu mpakani mwa eneo au pale njia za nje zinapoingizwa. Itifaki ya vekta ya umbali haina picha ya pamoja. Ruta huambiwa na jirani yake mambo mawili tu, yaani mahali pa kufika na umbali wa kufika huko, kisha hufanya hesabu yake na kutangaza matokeo kwa majirani wengine. Kwa kuwa hakuna anayeshika ramani nzima, ruta yoyote inaweza kubadilisha inachokisema kwenye kiolesura chochote bila kuvuruga hesabu za wenzake. Uhuru huo ni faida kubwa ya EIGRP, na pia ni hatari, kwa sababu ruta haitakuzuia kuweka muhtasari mahali pasipostahili.

RIP ya kwanza, iliyoelezwa katika RFC 1058 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) ya mwaka 1988, haikubeba maski, yaani namba inayoonyesha sehemu ya anwani iliyo ya mtandao, ndani ya matangazo yake, hivyo ilijua tu madaraja ya zamani ya anwani, yaani A, B na C. Toleo la 2, ambalo maelezo yake ya mwisho yamo katika RFC 2453 ya mwaka 1998, liliongeza maski na kufungua mlango wa muhtasari wa urefu wowote unaofaa. EIGRP ilitoka Cisco mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikiwa juu ya algoriti ya DUAL, iliyotokana na kazi ya J.J. Garcia-Luna-Aceves katika SRI International, na maelezo yake yakachapishwa hadharani kama RFC 7868 mwaka 2016.

Watu wengi hufanya muhtasari kwa nia ya kupunguza ukubwa wa jedwali. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini kwa ruta za leo zenye kumbukumbu ya kutosha naiona kuwa ndogo kuliko nyingine, ambayo ni kuzuia kusambaa kwa maswali. Ruta ya EIGRP ikipoteza njia na ikawa haina njia mbadala iliyohakikishwa kwamba haitaleta mzunguko, huwauliza majirani wake wote kama wanaijua njia nyingine. Jirani ambaye naye alitegemea ruta hiyohiyo hulazimika kuwauliza majirani zake, nao wa kwao, na aliyeanza kuuliza hawezi kuchagua njia mpya mpaka majibu yote yarudi. Muda wa kawaida wa kusubiri ni dakika 3. Ukiisha bila jibu, uhusiano na jirani aliyenyamaza huvunjwa, na njia zote zilizopitia kwake hupotea pamoja naye. Katika mtandao wenye viungo vya polepole, tatizo la sabneti moja laweza hivyo kuangusha majirani wasiohusika kabisa. Ruta iliyopokea muhtasari pekee haina sabneti ile mahususi katika jedwali lake la topolojia, kwa hiyo ikiulizwa hujibu papo hapo kwamba haiifikii, na haimwulizi mwingine yeyote. Swali huishia hatua moja tu nje ya mpaka wa muhtasari.

Hatua ya kwanza: pangilia anwani kabla ya kugusa ruta

Tuchukue mtandao wa mfano wenye ruta ya makao makuu, R1, na malango mawili ya kanda, R2 na R3. Kanda ya kwanza, iliyo nyuma ya R2, ina fungu la anwani kuanzia 10.20.0.0 hadi 10.20.7.255. Sabneti 10.20.0.0/24 ni ya ofisi ya kanda yenyewe na imeungwa moja kwa moja kwenye R2, 10.20.1.0/24 hadi 10.20.6.0/24 ni za matawi sita, na 10.20.7.0/24 imekatwa vipande vya /30 kwa ajili ya viungo kati ya R2 na matawi. Kanda ya pili, nyuma ya R3, inaanza 10.20.8.0 na kuishia 10.20.15.255. Kiungo cha R1 na R2 ni 10.1.1.0/30, ambapo R1 ina 10.1.1.1 na R2 ina 10.1.1.2.

Zingatia hasa anwani za viungo. Wapangaji wengi hugawa sabneti za watumiaji kwa utaratibu mzuri, kisha huchukua anwani za viungo kutoka fungu jingine la mbali linalotumiwa na taasisi nzima. Matokeo yake ni kwamba muhtasari hufunika sabneti za watumiaji, ilhali vipande vya /30 huendelea kupita mmoja mmoja hadi makao makuu, na kila kiungo cha tawi kinapoyumba, maswali yale tuliyotaka kuyazuia hupita palepale. Sabneti moja ya /24 inatoa vipande 64 vya /30, na hivyo vinatosha viungo vya kanda ya ukubwa huu na kubakiza akiba. Viungo vya ndani ya kanda vipewe anwani za ndani ya kanda.

Ikiwa mtandao tayari umejengwa na anwani zimetawanyika, tawi moja likiwa 10.20.3.0 na jirani yake 10.94.17.0, hakuna amri itakayofidia hali hiyo. Ni afadhali kuhamisha matawi kidogo kidogo kwenye fungu moja, tuseme kila tawi linapobadilishiwa vifaa, kuliko kuandika mihtasari mingi mifupi inayofunika sabneti mbili mbili.

Hatua ya pili: kokotoa muhtasari kwa biti

Hesabu hufanywa kwa kuandika okteti inayobadilika katika mfumo wa msingi wa mbili na kutazama biti zinazofanana kuanzia kushoto. Kwa kanda ya kwanza, okteti ya tatu inakwenda kutoka 0 hadi 7:

```
0 = 00000 000
1 = 00000 001
2 = 00000 010
...
7 = 00000 111
```

Biti tano za kwanza hazibadiliki. Ukizijumlisha na biti 16 za okteti mbili za mwanzo unapata 21, kwa hiyo muhtasari ni 10.20.0.0/21, ambao maski yake ni 255.255.248.0. Kwa kanda ya pili, 8 ni 00001 000 na 15 ni 00001 111, hivyo muhtasari ni 10.20.8.0/21. R1 nayo, ikihitaji kutangaza kanda zote mbili kwa mtandao mwingine ulio juu yake, inaweza kuziunganisha kuwa 10.20.0.0/20, yaani kuanzia 10.20.0.0 hadi 10.20.15.255.

Sasa tazama fungu lenye sabneti nane vilevile, lakini linaloanzia pasipofaa: 10.30.12.0/24 hadi 10.30.19.0/24. Namba 12 ni 00001100 na 19 ni 00010011. Biti zinazofanana kutoka kushoto ni tatu tu, na muhtasari mmoja unaozifunika zote ni 10.30.0.0/19, ambao unakwenda kutoka 10.30.0.0 hadi 10.30.31.255. Kwa ajili ya sabneti nane, ruta imedai sabneti 32, na 24 kati ya hizo si zake. Anayetaka usahihi atalazimika kutumia mihtasari miwili, 10.30.12.0/22 na 10.30.16.0/22. Kanuni ya kushika hapa ni kwamba fungu la sabneti nane lianze kwenye namba inayogawanyika kwa nane, la kumi na sita lianze kwenye namba inayogawanyika kwa kumi na sita, na vivyo hivyo kwa kila ukubwa ulio kipeo cha mbili. Anayepanga anwani kwa kuhesabu tu moja, mbili, tatu, bila kuangalia mahali pa kuanzia, huiharibu kazi hii miaka mingi kabla haijafanywa.

Je, ni kosa kudai anwani ambazo bado hazijatumika? Si lazima liwe kosa. Kanda yenye matawi manne leo inaweza kupewa fungu la sabneti nane na kutangaza /21 tangu siku ya kwanza, kwa sababu fungu lote limetengewa kanda hiyo na halitatumika kwingine. Kosa ni kudai anwani zilizo mikononi mwa mwingine, au zinazoweza kugawiwa kwa mwingine baadaye.

Hatua ya tatu: chukua picha ya hali iliyopo

Kabla ya kubadilisha chochote, ingia kwenye R1 na R2 na uhifadhi matokeo ya amri hizi:

```
show ip route summary
show ip route eigrp
show ip eigrp neighbors
show ip protocols
```

Amri ya kwanza inakupa idadi ya njia kwa jumla. Katika mfano wetu, R1 inapaswa kuwa na mistari 13 kutoka kanda ya kwanza: mmoja wa ofisi ya kanda, sita ya matawi na sita ya viungo. Katika matokeo ya amri ya mwisho, tafuta sehemu inayohusu muhtasari wa kiotomatiki. Kuanzia toleo la 15.0(1)M la IOS, mfumo endeshi wa ruta za Cisco, EIGRP huja ikiwa imezimwa tabia hiyo. Katika matoleo ya zamani huja imewashwa, na ni lazima uizime mwenyewe:

```
R2(config)# router eigrp 100
R2(config-router)# no auto-summary
```

Muhtasari wa kiotomatiki hufuata madaraja ya zamani. Ruta yenye sabneti za 10.20.0.0 ikitangaza kupitia kiungo chenye anwani ya 172.16.0.0, hutangaza 10.0.0.0/8 nzima. Ikiwa upande wa pili wa kiungo hicho kuna ruta nyingine yenye sabneti za 10, nayo itatangaza 10.0.0.0/8 ileile, na ruta iliyo katikati itaamini kwamba pande zote mbili zinafika kila mahali katika 10. Pakiti zitagawanywa huku na huko, na nusu ya mawasiliano itashindwa kwa namna inayowachanganya hata mafundi wazoefu, kwa sababu kila jedwali likitazamwa peke yake linaonekana kuwa sawa.

Ukifanya kazi hii kwa mbali, yaani kuingia R2 kupitia kiungo kilekile unachokibadilisha, tanguliza amri ya `reload in 10`. Ruta itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa, isipokuwa utoe `reload cancel` baada ya kuhakikisha kwamba bado unaifikia. Usihifadhi mipangilio mipya kabla ya hapo.

Hatua ya nne: weka muhtasari kwenye kiolesura

Muhtasari wa EIGRP huwekwa kwenye kiolesura kinachoelekea nje ya kanda. Kwa R2, kiolesura hicho ni kile kinachokwenda R1:

```
R2(config)# interface GigabitEthernet0/1
R2(config-if)# ip summary-address eigrp 100 10.20.0.0 255.255.248.0
```

Namba 100 ni ile ya mfumo wa EIGRP, na lazima ilingane na inayotumika kwenye ruta. Kwa waliopanga EIGRP kwa mtindo wa jina, amri huwekwa ndani ya sehemu ya kiolesura cha itifaki yenyewe:

```
R2(config)# router eigrp MTANDAO
R2(config-router)# address-family ipv4 unicast autonomous-system 100
R2(config-router-af)# af-interface GigabitEthernet0/1
R2(config-router-af-interface)# summary-address 10.20.0.0 255.255.248.0
```

Mara tu baada ya amri, R2 itaandika ujumbe kwamba jirani wa upande huo anasawazishwa upya kwa sababu muhtasari umewekwa. Katika matoleo ya zamani uhusiano huo ulivunjwa kabisa na kuanza upya, na njia zote za kiolesura hicho zikapotea kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo, kazi hii ifanyike saa ambazo watumiaji ni wachache, na ifanyike kiolesura kimoja kwa wakati, majirani wakipewa nafasi ya kutulia kabla ya kuendelea na kingine.

Kama R2 ina violesura viwili vinavyotoka nje ya kanda, amri iwekwe kwenye vyote viwili. Kimoja kikisahaulika, njia mahususi zitatoka kupitia hicho, na kwa kuwa ruta hufuata maski ndefu zaidi bila kujali kipimo (umbali wa njia kwa hesabu ya itifaki), mawasiliano yote ya kanda yatahamia kwenye kiungo kilichosahaulika hata kama ndicho cha polepole kuliko kingine.

Hatua ya tano: soma majedwali ya pande zote mbili

Kwenye R1, mistari 13 inapaswa kuwa imekuwa mmoja:

```
D   10.20.0.0/21 [90/3072] via 10.1.1.2, 00:01:40, GigabitEthernet0/0
```

Kwenye R2, njia mahususi zote zinaendelea kuwepo, na umeongezeka mstari ambao hukuuandika:

```
D   10.20.0.0/21 is a summary, 00:01:40, Null0
```

Null0 ni kiolesura cha kutupia: pakiti yoyote inayoelekezwa huko hutupwa. Wanaoanza kujifunza huuona mstari huu na kudhani kuna hitilafu, na wapo wanaotafuta namna ya kuufuta. Usiufute. Chukulia kwamba kiungo cha tawi lenye 10.20.6.0/24 kimekatika, na R2 ina njia ya chaguo-msingi, yaani ile inayofuatwa pasipo na njia nyingine inayofaa, inayoelekea R1. Pakiti ya kwenda 10.20.6.10 inafika R1, ambayo haijui lolote kuhusu kukatika huko na inaona 10.20.0.0/21 ikielekea R2, kwa hiyo inaituma huko. R2 haina tena 10.20.6.0/24. Bila mstari wa Null0 ingefuata njia ya chaguo-msingi na kuirudisha R1, R1 ingeirudisha R2, na pakiti ingezunguka kati ya ruta mbili mpaka muda wake wa kuishi uishe, pamoja na kila pakiti nyingine iliyoelekea tawi hilo. Mstari wa Null0 una maski ndefu kuliko njia ya chaguo-msingi, hivyo pakiti hutupwa palepale R2. Ruta iliyosema kwamba fungu lote ni lake ndiyo inayowajibika kusema kwamba sehemu fulani ya fungu hilo haipatikani.

Umbali wa kiutawala wa mstari huo, yaani namba ambayo ruta hutumia kuchagua kati ya vyanzo vya njia, iliyo ndogo ikishinda, ndani ya R2 ni 5, ilhali njia za kawaida za ndani za EIGRP zina 90 na za nje zina 170. R1 inaupokea muhtasari kama njia ya kawaida ya ndani, yenye 90. Ile 5 inaonekana R2 pekee, na utaiona ukitoa `show ip route 10.20.0.0 255.255.248.0`.

Namba hiyo huleta matatizo pale mtu anapotaka kuwapa matawi njia ya chaguo-msingi kwa kuweka muhtasari wa 0.0.0.0/0 kwenye ruta ya kitovu. Kitovu chenyewe hupata 0.0.0.0/0 ya Null0 yenye umbali wa 5, na ikiwa njia yake halisi ya kwenda intaneti ilijifunzwa kwa EIGRP, yenye 90 au 170, njia hiyo hushindwa na kuondoka kwenye jedwali. Matawi hutuma pakiti zao kitovuni, na kitovu huzitupa zote. Njia tuli yenye umbali wa 1 haidhuriki. Kwa kitovu kisicho na njia tuli, ongeza umbali wa muhtasari huo chini ya mipangilio ya EIGRP:

```
R1(config-router)# summary-metric 0.0.0.0/0 distance 250
```

Hatua ya sita: tuliza kipimo cha muhtasari

Hapa ndipo mihtasari mingi iliyowekwa vizuri hukosa kutimiza lengo lake. EIGRP huupa muhtasari kipimo cha njia mahususi iliyo bora kuliko zote ndani ya fungu. Katika mfano wetu, njia hiyo ni 10.20.0.0/24 ya ofisi ya kanda, kwa sababu imeungwa R2 moja kwa moja kwa gigabiti moja kwa sekunde. Kwa kanuni ya kawaida ya kipimo, R1 inahesabu 256 × (10 + 2), yaani 3072: namba 10 inatokana na kasi ya kiungo, na 2 ni jumla ya ucheleweshaji wa violesura viwili kwa makumi ya mikrosekunde.

Tuseme sasa viungo vya matawi vimewekewa `bandwidth 10000`, yaani megabiti 10 kwa sekunde, na swichi ya ofisi ya kanda inazimika. Njia bora inayobaki ni kiungo cha /30, na kipimo cha muhtasari kule R1 kinaruka hadi 256 × (1000 + 2), yaani 256512. R2 italazimika kutuma tangazo jipya, R1 itahesabu upya na kuwaarifu majirani wake, na swichi ikiwaka tena mzunguko huo utarudiwa. Tulificha sabneti za ndani ili misukosuko yake isitoke nje, lakini sasa inatoka kupitia kipimo. Isitoshe, katika ruta yenye mamia ya njia mahususi, kila badiliko huilazimisha ruta kuzipitia njia za fungu ili kujua iliyo bora ni ipi.

Katika matoleo mapya ya IOS, kipimo kinaweza kuwekwa kuwa cha kudumu:

```
R2(config)# router eigrp 100
R2(config-router)# summary-metric 10.20.0.0/21 1000000 1 255 1 1500
```

Namba hizo kwa mfuatano ni kasi kwa kilobiti, ucheleweshaji kwa makumi ya mikrosekunde, uthabiti, mzigo, na ukubwa wa juu wa pakiti. Kwa wanaotumia mtindo wa jina, amri hii huwekwa ndani ya `topology base`. Muhtasari utaendelea kutangazwa kwa kipimo hicho maadamu kuna angalau njia moja mahususi ndani ya fungu, na utaondolewa ya mwisho itakapotoweka.

Ipo mbinu ya zamani ya kuweka kiolesura cha loopback, yaani kiolesura cha kubuni ndani ya ruta, chenye anwani ya ndani ya fungu, kisha kushusha ucheleweshaji wake na kupandisha kasi yake ili kiwe ndicho bora daima. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini mimi siipendekezi pale `summary-metric` inapopatikana. Loopback haizimiki, kwa hiyo R2 itaendelea kutangaza fungu zima hata ikiwa matawi yote yamekatika, na kanda yenye lango la pili haitaweza kutumia lango hilo ipasavyo.

Kanda yenye malango mawili

Suala la lango la pili linastahili uangalifu wa pekee. Tuseme kanda ya kwanza ina malango mawili, R2 na R5, kila moja likiwa na kiungo chake kwenda R1 na kila moja likitangaza 10.20.0.0/21. Tawi la 10.20.5.0/24 lina viungo viwili, kimoja kwa kila lango. Kiungo chake na R5 kinakatika. R5 bado ina njia za matawi mengine, hivyo inaendelea kutangaza muhtasari, na R1 inaendelea kuigawia sehemu ya pakiti. Pakiti za 10.20.5.0/24 zinazofika R5 hutupwa kwenye Null0, ingawa tawi lenyewe ni zima na linafikika kupitia R2. Watumiaji hulalamika kwamba mfumo unafunguka wakati mwingine na wakati mwingine haufunguki.

Tiba yake ni kuunganisha R2 na R5 moja kwa moja ndani ya kanda, na kutoweka muhtasari kwenye kiungo hicho. Kwa njia hiyo malango yanaambiana njia mahususi, na R5 ikipokea pakiti ya tawi lililokatika upande wake huipitisha kwa R2. Kiungo hicho kinagharimu fedha, na viongozi wa taasisi wakati mwingine huuliza kina faida gani wakati hakina watumiaji. Fundi aeleze wazi kwamba bila hicho malango mawili yenye muhtasari yanaweza kuwa mabaya kuliko lango moja.

Wakati mwingine unataka tawi fulani, pengine lenye seva muhimu, lifikiwe kupitia lango mojawapo daima. EIGRP inaruhusu njia mahususi chache kupita pamoja na muhtasari:

```
R2(config)# ip prefix-list MAHUSUSI permit 10.20.5.0/24
R2(config)# route-map PITISHA permit 10
R2(config-route-map)# match ip address prefix-list MAHUSUSI
R2(config-route-map)# exit
R2(config)# interface GigabitEthernet0/1
R2(config-if)# ip summary-address eigrp 100 10.20.0.0 255.255.248.0 leak-map PITISHA
```

R1 itapata /21 kutoka malango yote mawili na /24 kutoka R2 pekee, na maski ndefu itashinda. R2 ikizimika, /24 hutoweka na pakiti hufuata muhtasari wa R5. Orodha hiyo iwe fupi, kwa sababu kila njia inayopitishwa inarudisha nje maswali ya sabneti hiyo.

Kazi hiyohiyo katika RIP toleo la 2

RIP bado ipo katika vifaa vidogo na katika maabara za kufundishia. Hutuma jedwali lake lote kila baada ya sekunde 30, na kila ujumbe hubeba njia zisizozidi 25. Mtandao wenye njia 200 hutuma ujumbe nane kwa kila mzunguko kwenye kila kiolesura, ilhali muhtasari mmoja hutosha ujumbe mmoja. Kwenye Cisco, muhtasari wa kiotomatiki wa RIP huwa umewashwa na lazima uzimwe kwanza:

```
R2(config)# router rip
R2(config-router)# version 2
R2(config-router)# no auto-summary
R2(config-router)# exit
R2(config)# interface GigabitEthernet0/1
R2(config-if)# ip summary-address rip 10.20.0.0 255.255.248.0
```

Kuna mipaka miwili. Kwanza, muhtasari hauwezi kuwa mpana kuliko daraja la asili la anwani, 10.20.0.0/21 inakubalika kwa kuwa 10.0.0.0 ni ya daraja A, lakini 192.168.0.0/16 haikubaliki kwa kuwa kila 192.168.x.0 ni mtandao wa daraja C unaojitegemea. Pili, kiolesura kimoja hakiwezi kubeba mihtasari miwili iliyo ndani ya mtandao mkuu mmoja, kama vile 10.20.0.0/21 na 10.30.12.0/22 kwa pamoja, jambo ambalo EIGRP inaliruhusu bila tatizo. Zaidi ya hayo, RIP haikuwekei njia ya Null0, hivyo iandike mwenyewe kama njia tuli:

```
R2(config)# ip route 10.20.0.0 255.255.248.0 Null0
```

Jaribio la mwisho kabla ya kuhifadhi

Jedwali likionekana sawa, pima kwa pakiti halisi. Kutoka R1, tuma ping kwa anwani ya kila tawi, kisha omba ruhusa ya kuzima kiolesura cha tawi moja na utazame mambo mawili. La kwanza ni kwamba jedwali la R1 halibadiliki hata kidogo: umri wa mstari wa 10.20.0.0/21 uendelee kuhesabika bila kuanza upya. Ukianza upya, kipimo hakijatulizwa, na unapaswa kurudi hatua ya sita. La pili ni kwamba `traceroute` kutoka R1 kwenda tawi lililozimwa inaishia R2 na hairudi R1. Ukiona anwani za R1 na R2 zikipokezana mstari kwa mstari, njia ya Null0 haipo, nawe unapaswa kujua sababu kabla ya kuondoka.

Wakati kiolesura cha tawi kimezimwa, toa pia `show ip eigrp topology active` kwenye R1. Isiwepo njia yoyote ya kanda ya kwanza inayosubiri majibu. Kisha washa kiolesura, thibitisha kwamba ping inarudi, toa `reload cancel` kama uliweka saa ya kujiwasha upya, na uhifadhi mipangilio kwa `copy running-config startup-config`. Kukiwa na lolote lisiloeleweka, amri ileile ya muhtasari ikitanguliwa na `no` hurudisha njia mahususi zote 13 kule R1, nawe utalinganisha na picha uliyoihifadhi katika hatua ya tatu.